Dalali Muaminifu na Gawio Lirudilo Kazini

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanya biashara wa mali ya watu, na watu wakamwita Muaminifu. Ziwafikie pia jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu ya baada ya Magharibi yameletwa maswali mawili, na yote mawili yametoka kisiwani kwetu Pate. La kwanza ni la kijana wa Kizingitini. Asema kwamba amenunua hisa chache katika soko la hisa la Nairobi kwa fedha alizozipata baharini, na kila mwaka hupata gawio. Gawio lenyewe ni dogo. Likija laliwa, na mwezi ukiisha halionekani lilikokwenda. Sasa ataka dalali wa ujira nafuu, atakayemsaidia kulirudisha gawio lile likanunue hisa nyingine. Aliza: je, jambo hili lafaa kisharia, na dalali wa namna hiyo ajulikana vipi?

Swali la pili ni la wazee wa mji. Wao wasema kwamba biashara hii yote ni kamari iliyovishwa nguo mpya, na kijana yule yampasa akanywe, wala asielekezwe.

Tumeona ni wajibu kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwani mwenye kujibu la kwanza bila ya la pili atawaacha wazee na shaka yao, na mwenye kujibu la pili peke yake atamwacha kijana mikononi mwa wajanja. Wala tusidhani kuwa mas-ala haya ni ya matajiri. Yuko mjane katika visiwa vyetu aliyeachiwa mayatima watatu na fedha kidogo. Fedha zile zimekaa sandukuni miaka sita, kwa kuchelea haramu. Haramu hakuila, jambo ambalo ni jema. Lakini mchele umepanda, unga umepanda, nauli ya mashua umepanda pamoja navyo, na mali ya mayatima yanyauka huku yakitazamwa. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, amepokewa akiusia kwamba mali ya mayatima yafanyiwe biashara, isije ikawa zaka yayala yakaisha. Basi kuyaacha mali yakaoza si uchamungu. Uchamungu ni kuyatafutia njia ya halali, na njia haipatikani ila kwa ilimu.

Na tuanze kwa wazee wetu. Hisa ni nini? Watu wa Pate hawahitaji kwenda mbali kuielewa. Tangu zamani watu wetu wameshirikiana katika vyombo: huyu atoa mbao, huyu tanga, huyu nyavu, na hawa ndio mabaharia. Samaki wakiuzwa, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na watu wana mafungu yao. Bahari ikichafuka na chombo kikavunjika, kila mmoja hula hasara kwa kadiri ya alichotia. Hakuna mwanachuoni aliyeuita ushirika huu kamari. Hisa ya kampuni, katika asili yake, ni fungu katika chombo kikubwa. Na gawio ni sehemu ya pato la msimu wanayogawiwa washirika baada ya matumizi kutolewa. Mwenye hisa hakuahidiwa kitu. Mwaka wa faida hupata, na mwaka wa hasara hukosa. Na hapo ndipo penye tafauti kubwa baina yake na riba, kwani mla riba ataka faida yake ingawa chombo kimezama.

Lakini wazee hawakusema bila ya sababu. Wameona mwaka 2007 jinsi vyama vya kuahidi faida kubwa, kama kile kilichoitwa DECI, vilivyoanguka na akiba za maskini wa Kenya nzima. Vile havikuwa ushirika: fedha za waliokuja nyuma ndizo zilizolipwa waliotangulia. Wameona pia watu wanunuao hisa asubuhi kwa uvumi na kuziuza jioni kwa uvumi mwingine, wasijue kampuni ile yafanya kazi gani. Mtu wa namna hiyo yu karibu na kamari, hata ikiwa mkataba wake wa nje ni sahihi. Basi twawaambia wazee wetu: mwakanya jambo la haki, ila msiyakusanye yote katika kapu moja.

Na wako wengine husema: Pate yenyewe ilikuwa na mali na majumba, na leo ni magofu baina ya mashamba ya tumbako, basi mali ya nini? Hutaja Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kuwa ni hoja yao. Lakini utenzi ule waionya nafsi isighurike na dunia wala isisahau akhera. Haukuwaamrisha watu wa Pate wawaache mayatima wao wakiombaomba. Mwenye kuyazuia mali yasimwingie moyoni ni mwenye zuhudi. Na mwenye kuyaacha yapotee mkononi ni mzembe. Tusiupambe uzembe kwa jina la zuhudi.

Sasa twende kwa kijana. Kabla ya kumtafuta dalali, yampasa aitazame kampuni. Katika soko la Nairobi, lililoasisiwa mwaka 1954, mna makampuni ya kila namna. Mna watengenezao pombe, mna wauzao sigara, na mna mabenki ambayo riba ndiyo kazi yao. Hayo hayana mjadala: hisa zake hazifai, na gawio lake halisafiki kwa kulirudisha, bali kila lirudipo huzidisha uchafu.

Yako na makampuni ambayo kazi yake ya asili ni halali, kama kilimo cha chai, umeme na simu, lakini huweka fedha benki kwa riba au hukopa kwa riba. Hapa wanavyuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Jopo la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, lilisema kuwa asili ni kukatazwa hisa za kampuni iingiayo katika riba, ingawa kazi yake ni halali. Wengine, na miongoni mwao ni AAOIFI, taasisi ya Bahrain iwekayo vipimo vya mabenki ya Kiislamu, wameruhusu kwa masharti: deni la riba lisizidi 30 katika kila 100 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba kadhalika, na pato la haramu lisizidi 5 katika kila 100 ya pato lote, kisha mwenye hisa alitoe fungu la haramu. Sisi twampendelea Muislamu ashike kauli ya kwanza kila apatapo njia. Na mwenye kuishika ya pili hatumlaumu, maadamu ameyatimiza masharti yake yote, wala hakuchukua ruhusa akaacha masharti.

Mfano ulio karibu ni Safaricom, ambayo watu wengi wa pwani walinunua hisa zake zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Asili ya kazi yake ni simu na kupeleka fedha. Lakini ndani ya simu hiyo hiyo mna mikopo kama Fuliza, iliyoanza mwaka 2019 kwa ushirika na mabenki. Basi haifai kusema ni halali kwa kuwa kila mtu anayo, wala kusema ni haramu kwa kuwa fulani ameichukia. Hesabu za kampuni huchapishwa kila mwaka; na zisomwe, zipimwe, kisha ndipo mtu aseme.

Tukiisha hayo, ndipo tumjie dalali. Soko la hisa haliingiwi na mtu mwenyewe. Lazima apite kwa dalali aliyepewa leseni. Dalali ni wakili wako kwa ujira, na ujira wa dalali ni halali kwa wanavyuoni wengi, ukijulikana na kukubaliwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa kwa ujuzi wake akanunua kondoo wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake. Tazameni: faida ya ujanja wa wakili ilirudi kwa mwenye mali, wala Urwa hakuificha mfukoni. Huo ndio mzani wa dalali.

Kwa hivyo twasema: uaminifu kwanza, na urahisi wa bei uje nyuma yake. Dalali rahisi asiye muaminifu ndiye ghali kuliko wote. Mwezi wa Machi 2008 kampuni ya udalali ya Nyaga, iliyokuwa miongoni mwa kubwa za Nairobi, iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, na kabla yake mwaka 2007 ilianguka ya Francis Thuo. Wenye hisa wengi walihangaika miaka kutafuta haki zao. Uko mfuko wa kuwafidia waliodhulumiwa na madalali, lakini fidia yake ina mpaka wa shilingi 50,000 kwa mtu. Aliye na zaidi ya hizo atajilinda kwa macho yake mwenyewe.

Na kujilinda kwenyewe ni huku. Hakikisha kwamba jina la dalali limo katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wala usitosheke na kadi ya mtu aliyekuja barazani. Hisa ziandikwe kwa jina lako mwenyewe katika akaunti ya hifadhi kuu, iitwayo CDS, na uombe taarifa ya akaunti kutoka hifadhi yenyewe, si kutoka kwa dalali tu, ili daftari mbili zishuhudiane. Fedha zipelekwe katika akaunti ya kampuni, zisipitie mfukoni mwa mtu. Usitie sahihi karatasi tupu, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Na kila agizo la kununua au kuuza liwe kwa maandishi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametuamrisha kuandika deni la muda na kushuhudisha. Na mwenye kuona haya kumuandikisha rafiki yake amejiona mwema kuliko amri ya Mola wake.

Baada ya uaminifu, ndipo tuhesabu bei. Ada ya kununua au kuuza hisa Nairobi, pamoja na haki za soko na za mamlaka, hufika karibu shilingi 2 katika kila 100. Hiyo ni kidogo kwa anunuaye kwa laki. Lakini uliza tena: je, kuna kiwango cha chini kabisa ambacho hakipunguzwi? Kuna ada ya kuweka akaunti kila mwaka? Agizo laweza kutolewa kwa simu, au lazima mtu apande mashua kutoka Mtangawanda hadi Lamu, kisha gari? Nauli pia ni ada. Dalali ambaye ada yake ni ndogo kwenye karatasi, lakini hutengeneza safari, huyo si nafuu kwa mtu wa Pate.

Na je, yuko dalali alirudishaye gawio kwa nafsi yake? Ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza hueleza kwamba kule madalali wengi hulichukua gawio na kulinunulia hisa papo hapo, bila ya mwenyewe kusema neno. Kwetu gawio kwa kawaida halipiti kwa dalali. Kampuni hulituma kwa mwenye hisa, benki au kwa M-Pesa. Pengine kampuni yenyewe hutoa khiyari ya kuchukua hisa mpya mahali pa fedha. Ikitoa khiyari hiyo, na isomwe vizuri, kwani huenda ikawa haina ada ya dalali. Isipotoa, basi kurudisha ni kazi yako: gawio likifika, ulitume kwa dalali na umpe agizo. Wafaa pia umwandikie wakala wa kudumu, kwamba kila fedha zikiingia katika akaunti yako kwake anunue hisa za kampuni fulani kwa bei ya soko ya siku ile. Hilo ni wakala sahihi, maadamu kampuni imetajwa, ujira umetajwa, na wewe waweza kuuvunja utakapo.

Zamani palikuwa na kizuizi kingine. Soko kuu halikuuza chini ya hisa 100, na mwenye gawio dogo alikuwa akingoja miaka. Mwaka 2025 kizuizi hicho kiliondolewa, na leo mtu aweza kununua hata hisa moja. Basi mlango umefunguka kwa maskini, na hesabu yake ni hii. Chukua gawio la shilingi 2,000. Serikali hukata kodi 5 katika 100 kwa mkaazi wa Kenya, yaani shilingi 100. Ikiwa pato la kampuni lina haramu 3 katika 100, toa shilingi 60 uwape wahitaji, kwa nia ya kujitakasa wala si kwa nia ya thawabu ya sadaka. Zabakia 1,840. Hisa ikiwa ni shilingi 20, wapata hisa 90 kwa shilingi 1,800, na ada yapata shilingi 38. Lakini dalali akiwa na kiwango cha chini cha shilingi 100, ada hiyo imekula zaidi ya 5 katika kila 100. Hapo ni bora ungoje magawio mawili au matatu yakusanyike, kisha ununue mara moja.

Huenda mtu akasema: hizi ni senti, za nini kuzihesabu? Na tutazame miaka 20. Mwenye hisa 1,000 za halali tupu, gawio likiwa 5 katika 100 kila mwaka na bei ikikaa pale pale, akilirudisha lote baada ya kodi na ada ya shilingi 2 katika 100, atakuwa na hisa kiasi cha 2,480. Ada ikimla 10 katika kila 100 ya gawio, atakuwa na 2,310. Hisa 170 zimekwenda na dalali, bila ya mwizi kuingia nyumbani. Na aliyelila gawio lote bado ana hisa zake 1,000. Hesabu hii ni mfano, si ahadi: kampuni yaweza kupata hasara, bei yaweza kuporomoka, na gawio laweza kukosekana kabisa. Mwenye kukwambia kwamba haliwezi kukosekana, mkimbie. Kwa hivyo usitie fedha za chakula wala za ada ya skuli, wala usikope ili ununue, wala usiweke mali yote katika kampuni moja. Nahodha hapakii shehena yote upande mmoja wa jahazi.

Na zaka isisahauliwe kwa kuwa gawio halikupita mkononi. Mwenye kununua hisa kwa kuuza na kununua, hizo ni bidhaa: athamini bei ya soko hauli ikitimia na atoe 2.5 katika 100. Mwenye kuziweka kwa ajili ya gawio, Jopo la Fiqhi mwaka 1988 lilisema kwamba akiweza kujua mali ya kampuni yapasayo zaka, atoe kwa kadiri ya fungu lake. Asipoweza, atoe 2.5 katika 100 ya gawio, hauli ikitimia tangu alipolipokea. Wala mtu asifanye kurudisha gawio kuwa hila ya kuikimbia zaka. Aandike tarehe na kiasi katika daftari, na aitoe haki ya maskini kwanza.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lituumizalo zaidi. Watu wengi wa visiwa vyetu wamekufa na hisa ambazo watoto wao hawazijui. Gawio hutumwa kwa anwani ya marehemu, au kwa nambari ya simu iliyofungwa, na likikaa miaka bila ya mwenyewe hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, iliyowekwa kwa sharia ya mwaka 2011. Mali hayo hudaiwa na warithi wakiwa na hati, lakini atadai nani asiyejua kuwa yapo? Mjane alala njaa na haki yake iko Nairobi. Basi andika wasia: jina la dalali, nambari ya akaunti, na majina ya makampuni. Mwonyeshe mkeo na mwanao. Na ukifa, hisa zigawiwe kwa faraidhi kama shamba ligawiwavyo. Binti asinyimwe fungu lake kwa kuambiwa kwamba mambo ya soko ni ya wanaume.

Enyi ndugu zetu, hatukuandika haya ili watu waache nyavu na minazi wakimbilie soko. Mwenye chombo chake na akitengeneze, huenda kikamfaa kuliko hisa. Tumeandika kwa kuwa mali yaliyoingia visiwani kwa fidia za ardhi na kazi za bandari, tangu gati la kwanza la Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021, yaja mara moja wala hayarudi. Mengine yameshakwenda katika pikipiki na karamu za arusi za kushindana. Na wanavyuoni wakinyamaza, wajanja watasema.

Basi yatupasa katika kila mji, Faza, Siyu, Tchundwa, Kizingitini na Pate yenyewe, wapatikane watu wachache wenye kujua kusoma hesabu, wakae na mwalimu wa fiqhi baada ya Isha mara moja kwa mwezi, wazipime kampuni, waulize madalali ada zao kwa barua, na majibu yabandikwe ukutani pa madrasa. Mjane na aje aulize bila ya kuona haya. Kazi hii haihitaji fedha, yahitaji nia. Na mwenye kuichelewesha akumbuke kwamba mayatima hukua, na siku moja watauliza mali yao yalifanyiwa nini.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, watie uaminifu mawakili wetu na kanaa nyoyo zetu, na uyahifadhi mali ya mayatima wetu mikononi mwa wanaokuogopa. Amin.